Kifafa hakiitwi sugu kabla ya kusuguliwa na dawa: Historia ya umeme katika tiba ya ubongo

Ukitafuta neno 'sugu' kwenye kamusi, utakalokutana nalo kwanza ni ngozi. Sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa: kwenye kiganja cha mshika jembe, au kwenye kisigino cha mwenye kutembea pekupeku. Sugu na sugua ni ndugu wa damu. Pasipo msuguano, na msuguano wa muda mrefu, sugu haipatikani.

Kutoka hapo neno likasafiri. Tukapata mhalifu sugu, deni sugu, na tatizo sugu ambalo kila mwanasiasa huahidi kulimaliza. Siku hizi limeingia hospitalini pia. Tunasikia habari za usugu wa dawa, malaria sugu, kifua kikuu sugu, na kifafa sugu.

Ni hicho cha mwisho ninachotaka tukitazame leo, kwa sababu kina historia ndefu, na kwa sababu neno lenyewe linatumiwa ovyo. Utasikia mzazi akisema, "Kifafa cha huyu mtoto ni sugu, kimetushinda." Muulize ametumia dawa gani, naye akuambie alipelekwa kwa mganga mara tatu na kuombewa mara saba, ila kidonge hajawahi kumeza. Huo msuguano uliotoa sugu ulitokea wapi?

Madaktari wana kipimo chao. Mwaka wa 2010, jopo la shirika la kimataifa la wataalamu wa kifafa lilichapisha ufafanuzi ambao unatumiwa hadi leo. Kifafa huitwa sugu pale ambapo dawa mbili, zilizochaguliwa sawasawa na kumezwa kwa kipimo na utaratibu unaofaa, zimeshindwa kuondoa mishtuko. Chini ya hapo, neno hilo halijafika. Takribani mgonjwa mmoja kati ya watatu huangukia katika kundi hilo hata akitibiwa vizuri. Wengine hupasuliwa na kuondolewa sehemu ya ubongo inayoleta matata. Wale ambao upasuaji huo hauwafai hubaki na njia nyingine, nayo ni umeme.

Naam, umeme. Hebu tulitazame neno hili nalo. Kabla ya nguzo na nyaya kufika, umeme wa Kiswahili ulikuwa ule mmweko wa mawinguni unaotangulia ngurumo. Nguvu mpya ilipokuja, Kiswahili kikaiazima jina kutoka angani. Sisi Wakenya tukaongeza letu: stima. Mtu wa Nairobi akilalamika kwamba stima imepotea, anatumia, bila kujua, neno lililotokana na jina la Kiingereza la mvuke. Majina yote mawili yanabeba sauti ya kishindo na moto. Si ajabu kwamba mtu akiambiwa mwanawe atawekewa umeme kichwani, hushika mdomo.

Hata hivyo, umeme wa kwanza kutumiwa kama dawa ulitoka baharini. Karne ya kwanza, tabibu mmoja wa Kirumi aitwaye Scribonius Largus aliandika kwamba mwenye maumivu ya kichwa awekewe samaki hai wa jamii ya taa, yule mwenye kutoa mshtuko, mpaka kichwa kife ganzi. Kwa Kiswahili tunaita taa samaki huyo na tunaita taa kile kimulikacho chumbani. Hayo ni maneno mawili tofauti yaliyogongana sauti, lakini Scribonius angelifurahia gongano hilo.

Kuhusu kifafa chenyewe, watu wa kale walikuwa na maelezo yao. Jina ambalo lugha nyingi za Ulaya hutumia lilitoka katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kushika kwa ghafla. Nasi husema vivyo hivyo: ameshikwa na kifafa. Sarufi yetu inamfanya mgonjwa kuwa mtendwa na kumwacha mtenda gizani. Nani amemshika? Kila jamii ilijaza pengo hilo kwa njia yake: miungu, majini, pepo, jicho la jirani. Mtoto mchanga akikakamaa kwa homa kali, Waswahili walisema ana degedege, na neno hilo lilibeba imani ya dege, kiumbe arukaye anayewashika watoto. Neno kifafa nalo huhusishwa na kitenzi -fa: kufakufa kidogo, kisha mtu akarudi.

Yapata miaka 400 kabla ya Kristo, mwandishi mmoja wa shule ya Hippocrates alipinga maelezo ya aina hiyo katika kitabu kuhusu kile kilichoitwa ugonjwa mtakatifu. Alisema kwamba ugonjwa huo hauna utakatifu kuliko magonjwa mengine, na kwamba chanzo chake kimo ubongoni. Alikuwa sahihi. Ila hakuwa na namna ya kuonyesha, na kwa zaidi ya miaka elfu mbili ulimwengu uliendelea na pepo wake.

Mambo yalibadilika kuanzia London katika karne ya 19. Daktari John Hughlings Jackson, aliyefanya kazi katika hospitali ya taifa ya wenye kupooza na kifafa, hakuwa na mashine ya maana. Alikuwa na macho na masikio. Aliwatazama wagonjwa ambao mshtuko wao ulianzia kidole gumba, ukapanda mkono, ukafika usoni, kila mara kwa mpangilio uleule. Aliwasikiliza wengine wakieleza harufu ya ajabu au hisia ya ndoto kabla ya kupotewa na fahamu. Kutokana na maelezo hayo alifikia kauli, iliyochapishwa mwaka wa 1873, kwamba kifafa ni mfyatuko wa ghafla na wa kupita kiasi katika sehemu fulani ya ubongo. Zingatia kwamba wakati huo hakuna aliyekuwa ameona mkondo wa umeme katika ubongo wa mwanadamu. Aliufikia kwa kusikiliza.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka wa 1870, vijana wawili wa Ujerumani, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, walifanya jaribio huko Berlin. Walikosa maabara, basi wakalifanyia katika nyumba ya kuishi. Waligusa gamba la ubongo wa mbwa kwa mkondo hafifu, ambao waliupima kwa ncha ya ulimi wao wenyewe: ukisikika kidogo ulimini, unatosha. Walipogusa mahali fulani, mguu wa mbele wa upande wa pili ulitikisika. Wakiongeza nguvu, mbwa alipatwa na mshtuko kama wa kifafa. Kumbe ubongo una ramani, na kumbe umeme unaweza kuisoma.

Hapa ndipo historia hii inapata doa ambalo hatufai kulificha. Mwaka wa 1874, huko Cincinnati, Marekani, daktari Roberts Bartholow alimpata mgonjwa, mtumishi wa nyumbani aliyekuwa na kidonda cha saratani kilichokula fuvu hata ubongo ukaonekana. Bartholow alimchoma sindano ubongoni na kupitisha umeme. Mkono na mguu wa mwanamke huyo ulitikisika. Daktari akaongeza mkondo. Mgonjwa akalia, akapatwa na mshtuko mkali, akapoteza fahamu. Siku chache baadaye aliaga dunia. Madaktari wenzake walimlaani Bartholow, naye mwishowe akaandika kwamba jaribio hilo halifai kurudiwa. Mwanamke yule alikuwa maskini, mgeni na mtumishi, na maneno yake mwenyewe hayamo katika kumbukumbu isipokuwa yale daktari aliyochagua kuyaandika.

Wakati huohuo dawa nazo zilikuwa zikitafutwa. Chumvi za bromidi zilianza kutumiwa mwaka wa 1857. Fenobabito ilifuata mwaka wa 1912, nayo fenitoini ikathibitishwa mwaka wa 1938. Hizi zilikuwa hatua kubwa. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye kifafa aliweza kukaa miezi au miaka bila kuanguka. Na kwa mara ya kwanza pia ilidhihirika kwamba kuna wale ambao dawa haziwashiki. Usugu ulizaliwa pamoja na dawa. Kabla ya dawa, usingeweza kuwapo.

Kwa upande wa umeme, Mjerumani Hans Berger wa mji wa Jena alinasa mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka wa 1924, akiweka vipokezi juu ya ngozi ya kichwa. Alikaa miaka mitano kabla ya kuchapisha, maana aliogopa kwamba alichokiona si kweli. Kipimo hicho ndicho wagonjwa wetu hukiita EEG, na ndicho kilichothibitisha yale aliyoyasema Jackson.

Sasa tufike kwa mtu ambaye wapenzi wa lugha wanafaa kumjua. Wilder Penfield alizaliwa Marekani na akafanya kazi Canada, ambako mwaka wa 1934 alianzisha taasisi ya ubongo huko Montreal. Alikuwa amejifunza mbinu kutoka kwa Otfrid Foerster wa Breslau. Mbinu yenyewe ni hii: mgonjwa wa kifafa sugu anapasuliwa fuvu akiwa macho. Ngozi hutiwa ganzi. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kisha daktari hugusa gamba la ubongo kwa umeme mdogo, mahali hadi mahali, na kuweka kikaratasi chenye nambari kila anapopata jibu.

Jibu hilo lilitoka kinywani mwa mgonjwa. Mmoja alisema kidole kinamchonyota. Mwingine alisikia muziki. Mwingine alisema, hivi ndivyo ninavyohisi kabla ya kushikwa, na hapo daktari alijua kwamba amefika kwenye chimbuko. Lakini kabla ya kukata chochote, Penfield alitaka kujua sehemu za lugha ziko wapi ili asije akamponya mtu kifafa na kumwacha bubu. Basi mgonjwa alionyeshwa picha, moja baada ya nyingine, ataje jina la kila kitu. Umeme ukigusa mahali pa lugha, jina lilipotea. Mgonjwa mmoja alionyeshwa picha ya mguu. Alijua ni nini, akaweza kueleza kwamba ni kile kinachovishwa kiatu, ila neno lenyewe halikuja. Umeme ulipoondolewa, akalitamka mara moja.

Tutafakari hilo kidogo. Maana ilikuwepo, sarufi ilikuwepo, sauti ilikuwepo. Neno ndilo lililofungiwa mlango. Wanaisimu wamejadili kwa miaka mingi uhusiano kati ya neno na dhana, na hapa kuna ushahidi kutoka katika meza ya upasuaji kwamba viwili hivyo vinaweza kutenganishwa. Mwaka wa 1959 Penfield na mwenzake Lamar Roberts walitoa kitabu kizima juu ya usemi na ubongo. Kitabu hicho kiliandikwa, tuseme, na wagonjwa wa kifafa ambao dawa zilikuwa zimewashinda.

Hadi hapo umeme ulikuwa wa kutafutia njia tu. Wazo la kuuacha ndani ya mwili uwe dawa yenyewe lilishika kasi baadaye. Katika miaka ya 1880 James Corning wa New York alikuwa amejaribu kuisisimua neva ya vagasi, ile inayopita shingoni, kwa kifaa cha nje. Matokeo hayakuwa na uhakika na jambo likasahauliwa. Katika miaka ya 1970, Irving Cooper, naye wa New York, alipachika elektrodi juu ya ubongo wa nyuma, akatangaza mafanikio makubwa. Watu wakashangilia.

Ndipo wengine wakauliza swali ambalo Bartholow hakuuliza na Cooper hakuliuliza vya kutosha: tutajuaje? Walifanya majaribio ambapo mgonjwa hakujua kama kifaa chake kimewashwa au kimezimwa. Katika jaribio moja la Uingereza, lililochapishwa mwaka wa 1984, walikuwepo wagonjwa 12. Karibu wote walisema kwamba wamesaidiwa. Lakini idadi ya mishtuko iliyoandikwa haikupungua. Sifa za mbinu ile zikazimika. Hapa tunajifunza kwamba kumsikiliza mgonjwa ni lazima, na kuhesabu pia ni lazima, maana tumaini lina ulimi wake.

Waliofuata walibeba funzo hilo. Jacob Zabara wa Philadelphia aliirudia neva ya vagasi, akaonyesha kwa mbwa kwamba kuisisimua huweza kukata mshtuko. Mwaka wa 1988 mgonjwa wa kwanza aliwekewa kifaa hicho huko North Carolina, na mwaka wa 1997 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakiidhinisha. Ni kijibetri kinachopachikwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na mtulinga, chenye waya unaopanda hadi shingoni upande wa kushoto. Kwa kawaida hutuma umeme kwa sekunde 30, kikapumzika kwa dakika kadhaa, usiku na mchana. Madhara yake ya kawaida yanagusa tena mambo yetu ya lugha: neva hiyo ndiyo inayolisha koo la sauti, basi kifaa kinapofanya kazi sauti ya mgonjwa hukwaruza. Akiwa anazungumza nawe, utajua umeme umewaka.

Njia ya pili huingia ubongoni kabisa, katika kiungo kiitwacho thalamasi. Jaribio lake kubwa, lililochapishwa mwaka wa 2010, lilikuwa na wagonjwa 110, wote wakiwa wamewekewa vifaa, nusu vikiwashwa na nusu vikizimwa. Baada ya miezi mitatu, mgonjwa wa katikati katika kundi lililowashiwa alikuwa amepunguza mishtuko kwa asilimia 40, ilhali katika kundi jingine ilikuwa asilimia 14 na nusu. Baada ya miaka mitano, ambapo wote walikuwa wamewashiwa, punguzo lilifikia asilimia 69. Marekani iliidhinisha njia hiyo mwaka wa 2018.

Ya tatu, iliyoidhinishwa huko mwaka wa 2013, ni ya ajabu zaidi. Kifaa hupachikwa ndani ya fuvu na kukaa kimya kikisikiliza mawimbi ya ubongo. Kikinusa dalili za mshtuko, hujibu kwa umeme kabla haujasambaa. Miaka tisa baadaye, wale walioendelea kufuatiliwa walikuwa wamepunguza mishtuko kwa robo tatu, kwa hesabu ya yule wa katikati.

Soma hesabu hizo kwa makini. Zinasema kupunguza. Wapo waliokaa miezi mingi bila kuanguka, lakini walio wengi bado wanaanguka, ila si kama zamani. Anayewauzia watu neno 'kuponya' hapa anaongopa. Kiswahili kina neno bora, nalo ni 'nafuu'. Aliyekuwa akianguka mara 20 kwa mwezi na sasa anaanguka mara sita amepata nafuu, na nafuu hiyo yaweza kuwa tofauti kati ya kubaki shuleni na kuacha.

Je, yote haya yanatuhusu vipi sisi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 hivi wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko wakitibiwa ipasavyo. Ila katika nchi zenye mapato ya chini, watatu kati ya wanne hawapati tiba wanayohitaji. Wengi wao hawajafikia umeme wala upasuaji. Hawajafikia fenobabito, dawa ya mwaka wa 1912, ambayo bei yake ni ndogo.

Ushahidi kwamba dawa hiyo hufanya kazi kwetu upo tangu zamani. Karibu mwaka wa 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifungua kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanganyika. Alikuta wagonjwa waliotengwa kwa hofu kwamba mate yao huambukiza, wengine wakiwa na makovu ya kuanguka motoni bila mtu wa kuwanyanyua. Alianza kuwapa dawa, na wengi wakapata nafuu. Kwa kazi yake, neno letu kifafa likaingia katika majarida ya kitabibu ya dunia kama lilivyo.

Lakini neno hilo lina upungufu wake. Kwa wengi wetu kifafa ni kuanguka, kukakamaa na kutoa povu. Mtoto anayekodoa macho kwa sekunde 15 darasani kisha akaendelea kuandika, huitwa mzembe. Anayetafunatafuna bila chakula na kupapasa vifungo vya shati huambiwa ana wazimu. Hata utafiti mkubwa uliofanywa Kilifi, Ifakara, Iganga, Agincourt na Kintampo, na kuchapishwa mwaka wa 2013, ulihesabu kifafa cha kukakamaa na kutetemeka pekee, kwa kuwa aina nyingine ni vigumu kuzitambua kwa kwenda nyumba hadi nyumba. Hao wengine hawana jina, na asiye na jina haingii kwenye daftari.

Kwa hivyo wanaleksikografia na walimu wa Kiswahili wana kazi. Tunahitaji neno la kawaida, linaloeleweka sokoni, la ile hisia inayotangulia mshtuko: harufu, king'ora masikioni, joto linalopanda kutoka tumboni. Tunahitaji neno la kifafa kisichoangusha. Jackson alichora ramani ya ugonjwa huu kwa maneno ya wagonjwa wa London, naye Penfield kwa maneno ya wagonjwa wa Montreal. Daktari wa Malindi au Kakamega atachora kwa maneno gani ikiwa mgonjwa anaweza kusema tu, "Nilishikwa"?

Wakati tukisubiri kamusi, yapo ambayo kila nyumba inaweza kufanya. Mtu akishikwa, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni, na utazame saa. Ikipita dakika tano, tafuta msaada wa hospitali. Akirejewa na fahamu, muulize alihisi nini kabla, na uandike maneno yake kama alivyoyasema. Daftari hilo umpelekee daktari. Na mtu akikwambia kwamba kifafa cha mwanawe ni sugu, muulize kwanza: kimesuguliwa na dawa gani, kwa kipimo gani, na kwa muda gani?